Kiraka cha Siku Kumi

Sukari ya Bibi Eunike Tweve ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililonipandisha mlima siku isiyo ya zamu yake.

Siku kumi na mbili mfululizo mstari wake kwenye kioo changu cha kazi, kile ninachosomea vipimo, ulikuwa umelala. Haukupanda baada ya kula, haukushuka alfajiri. Bwana Kilasi, mkuu wangu pale Kituoni, aliniletea ujumbe wa pongezi wenye picha ya maua. Mimi maua yale hayakuniingia. Nimefanya ufundi wa vipimo miaka kumi na moja, na sijapata kuona mama wa miaka themanini na mmoja, mwenye kisukari cha miaka ishirini na miwili, akila viazi vya Ukinga asubuhi na jioni halafu sukari yake ikatulia kama maji ya mtungi. Hata yangu haitulii hivyo.

Kipimo chenyewe ni kidude cha duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Chini yake kuna uzi mwembamba kuliko unywele unaoingia ndani ya ngozi na kuonja sukari kila baada ya dakika tano. Kikishaonja kinaiambia pampu ndogo ya insulini iliyofungwa kiunoni, na pampu inatoa dawa bila kumuuliza mtu. Tangu Sheria ya Uangalizi ipite, mzee mwenye kisukari anaruhusiwa kuishi peke yake nyumbani kwake ilimradi kipimo kikae mwilini. Kikibanduka mara tatu kwa kosa lake ndani ya robo mwaka, anahamishiwa Makao ya wazee, kule bondeni kwenye joto. Cha Bibi Eunike kilikuwa kimebanduka mara mbili.

Niliacha pikipiki penye miti ya matofaa nikakatiza shambani kwa jirani yake, Yusta Sanga, mama wa makamo mwenye mikono ya kulimia na mdomo usiojua kupumzika. Mashine ya kuvunia viazi ilikuwa inakwenda tuta kwa tuta peke yake, naye yuko nyuma yake na jembe, akifukua vile ilivyovisahau. Alikuwa amekunja mikono ya sweta hadi mabegani. Kwenye mkono wake wa kushoto palikuwa na kipimo. Namba yake niliijua, maana nilikibandika mimi mwenyewe, na sikukibandika pale.

"Kamwene, dada Agripina!" akasema, akishusha mkono wa sweta upesi upesi. "Mbona leo si zamu yako?"

"Na hicho nacho si chako. Yusta, wewe una kisukari tangu lini?"

Akatazama viazi. Akatazama mlima. Yusta kukosa la kusema ni habari ya kutangazwa redioni.

"Bibi yuko wapi?"

"Yuko nje anaota jua. Siku hizi anapenda maji sana."

Niliposikia hilo la maji nilitupa mkoba begani nikakimbia.

Nilimkuta kwenye kiti chake cha mbao mbele ya nyumba, mrefu, mwembamba, amefunga kitambaa kichwani vizuri kama anakwenda kanisani, jagi tupu miguuni na midomo imekauka. Alinisalimia kwa utaratibu wote. Akauliza habari za Njombe, za mama yangu, za barabara, nami nikajibu moja moja huku namtoboa kidole. Ishirini na saba. Mtu asiye na kisukari hafiki nane hata akishiba ugali wa harusi.

Niliifungia pampu masikio, isipokee tena habari za kile kipimo, nikampigia daktari wa zamu, naye akanielekeza hatua kwa hatua: dawa kidogo, maji, kupima, dawa kidogo tena. Tulikaa hivyo toka saa nne hadi saa saba mchana. Yusta alisimama mlangoni ameshika shavu. Namba iliposhuka hadi kumi na tatu ndipo nami nilipokaa chini, na hasira ikanipanda.

"Mlikuwa mnafanya nini, jamani?"

"Tulitaka kisibanduke," Bibi Eunike akasema. "Ulisema kikibanduka mara ya tatu naondoka. Kwangu hakikai. Kwa Yusta kinakaa hata akilima. Nikamwachia anitunzie."

"Kama mbegu," Yusta akadakia. "Mtu ghala lake likivuja, si anamwachia jirani mbegu za viazi? Zangu za mwaka juzi alizitunza yeye, na hata moja haikuoza."

Nilitaka kucheka, nikataka na kulia, vyote vikanishinda. Walidhani Kituo kinachotaka ni kidude kisianguke, basi. Hakuna aliyewaambia, mimi nikiwa wa kwanza kutowaambia, kwamba pampu inakisikiliza kile kidude popote kilipo jirani. Kutoka shamba la Yusta hadi kiti cha Bibi ni hatua thelathini. Siku kumi na mbili pampu ilimsikiliza Yusta, ikaona mtu mwenye afya, ikamnyima Bibi Eunike dawa.

Nilipowaeleza, Yusta alipiga magoti hapo hapo. "Mama, nimekuua."

"Hujaniua, si naongea? Inuka, unachafua sketi." Kisha akanigeukia. "Haya, andika."

"Niandike nini, Bibi?"

"Ulichokikuta. Kwamba alivaa Yusta. Sitaki kukaa nyumbani kwangu kwa uongo."

"Nikiandika hivyo inakuwa mara ya tatu."

"Kuhesabu najua, mwanangu." Akalainisha kitenge magotini. "Nimeolewa nyumba hii. Nimezika mume hapo nyuma. Huko Makao siwasemi vibaya, nasikia chakula ni kizuri na hakuna baridi. Lakini mlango wa huko si wangu, na sitaki kwenda."

Alisema hivyo tu, macho makavu. Mimi ndiye niliyeangalia pembeni.

"Na zile mara mbili za kwanza," akauliza, "uliandika kimebanduka kwa nini?"

Fomu yetu ina visanduku viwili: kosa la mtumiaji na kosa la fundi. Hakuna fundi ninayemjua anayegusa cha pili kwa hiari yake.

"Niliandika ni wewe," nikasema.

"Mimi nilifanya nini?"

Nikaanza wimbo ninaowaimbia wazee wote, wimbo wa mafuta. Wazee wa huku hawatoki nje bila kujipaka mafuta. Mtu akionekana amepauka, watu husema ndugu zake wamemtupa. Na gundi haipatani na mafuta, kwa hiyo tunawakataza.

"Ulinikataza nikaacha," akanikatiza. "Miezi miwili sijapaka. Tazama."

Akakunja mkono wa sweta. Ngozi ilikuwa kavu, inatoka unga mweupe ukiigusa. Juu ya kiwiko palikuwa na kovu jekundu, refu kama kidole. Kovu lile nalijua. Nililifanya mimi, siku niliyobandua kipimo kwa mkupuo mmoja kama tulivyofundishwa, na ngozi ikaja nacho. Siku ile alisema "si kitu" akaniuliza kama nitakunywa chai.

"Uliubandika huu unga," akasema. "Unga ukidondoka, na chenyewe kinadondoka. Njoo nikuonyeshe kitu."

*

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha mbao. Miaka arobaini Bibi Eunike alikuwa fundi pancha, kando ya barabara kuu, enzi ambazo baiskeli na pikipiki zilitumia tyubu. Matairi ya siku hizi hayana upepo ndani, hata msumari hayaujali, na kazi yake ikafa kabla yake. Kibanda hakukivunja. Tyubu zilining'inia ukutani, karai lipo, misasa ipo, mikasi miwili imetiwa mafuta.

Akachukua tyubu iliyochakaa, imefifia hadi kuwa ya kijivu.

"Tyubu mpya inashika chochote. Hata ukibandika na uji. Fundi anajulikana kwenye tyubu kuukuu." Akaiweka juu ya goti. "Kwanza unaosha. Unakausha. Halafu msasa."

"Bibi, msasa kwenye ngozi hapana!"

"Mimi si mwehu, Agripina. Kwenye ngozi sabuni na kitambaa vinatosha. Nisikilize. Halafu unapaka solusheni, nyembamba. Baada ya hapo?"

"Unabandika."

"Ndiyo maana vyako vinabanduka."

Akaliweka kopo la solusheni chini taratibu, na nikaelewa kwamba ndiyo kwanza somo limeanza.

"Unasubiri," akasema mwishowe. "Wote wanakosea hapo. Gundi mbichi inateleza, inashika juu juu. Ikikauka mpaka ukiigusa haikufuati, hapo ndipo inashika kweli. Wewe ulinifuta na spiriti, ukapaka hiyo gundi yako, ukabandika hapo hapo. Nilikuwa nakuona. Nikasema moyoni, mtoto wa watu ana haraka, nisimwaibishe."

"Kituo kinanipa dakika kumi na moja kwa kila mzee."

"Solusheni haijui Kituo."

Akakata kiraka, akazungusha mkasi hadi kikawa duara. Plasta ninayoweka mimi juu ya kipimo ina pembe nne, na nilijua kabla hajasema kwamba hizo nazo zitasemwa.

"Kiraka hakina kona. Kona ndiyo inayoanza kuinuka. Na hakivutwi. Ukikivuta ili kilale vizuri, nacho usiku kucha kinavuta kurudi. Kwenye ngozi kama yangu, kikirudi kinarudi na ngozi."

Nina vyeti vitatu. Kimoja nimekitundika sebuleni. Nilisimama katikati ya kile kibanda nikimtazama mama mwenye sukari iliyotaka kumwua asubuhi ile ile, anakata raba kwa mkono usiotetemeka, na nikaona haya. Niseme wazi pia kwamba nilimpenda. Alikuwa na haki ya kunifokea kuanzia kibandani hadi barabarani, na badala yake akanifundisha kazi.

Kwenye Sheria kuna kifungu kinachoitwa jaribio. Ikibishaniwa kwa nini kipimo hakikai, kinabandikwa kwa njia nyingine juu ya ngozi ya mtu yule yule, na fundi hakigusi siku kumi. Kikibanduka, kosa ni la ngozi na mwenye ngozi. Kikikaa, ngozi haina kosa, na mara zile za nyuma zinahamishiwa kwa fundi. Hapo hili la Yusta lingekuwa kosa la kwanza la Bibi Eunike badala ya la tatu, naye angebaki na mlango wake.

Nilimweleza hayo. Nusu ya pili sikumweleza. Mwaka jana nilikwisha andikiwa kosa moja la fundi, na mawili juu yake yanafanya matatu. Fundi mwenye matatu haruhusiwi tena kumgusa mzee. Anapelekwa ghalani kupanga maboksi. Kipimo kikikaa, yeye anabaki na mimi naondoka. Kikibanduka, anaondoka yeye.

Nikaijaza fomu ya jaribio pale pale kibandani, na habari ya Yusta nikaiandika kama ilivyokuwa. Sikuwa nimefika kwenye pikipiki, Bwana Kilasi akapiga simu.

"Agripina, hiyo fomu umeisoma lakini?"

"Nimeisoma, bosi."

"Unajua hesabu yako imefika wapi?"

"Najua."

Akapumua. Si mtu mbaya. "Sawa. Ngozi ya miaka themanini na moja hiyo. Kitabanduka tu, usijali." Alitaka kunifariji, maskini.

*

Siku mbili za kwanza hatukubandika kitu. Sheria inaruhusu ngozi ipumzike siku mbili, ila hatuombi kamwe kwa kuwa zinaharibu takwimu. Yusta ndiye aliyemtoboa kidole, mara sita kwa siku, akiomba msamaha kila mara, na daktari akaiongoza pampu kwa zile namba. Bibi Eunike alirudi kwenye mafuta yake ya mgando. Alipaka asubuhi, akapaka jioni, hadi ule unga ukaisha na mkono ukalainika. Uso wake pia ulirudi. Sikuwa nimeona jinsi tulivyompausha.

Asubuhi ya tatu akaosha mkono kwa sabuni isiyo na manukato, akasuuza, akakausha kwa kugusagusa na kitambaa bila kusugua. Mahali akachagua mwenyewe. Alikataa nyuma ya mkono ambako nyama inaning'inia, akakataa upande anaolalia, akapata sehemu ya nje iliyokaza bado, juu kidogo ya lile kovu nililomwachia. Akafuta kwa spiriti. Tukasubiri. Akapaka gundi ya kinga, nyembamba. Tukasubiri tena. Nilihesabu dakika nne na nusu, na zilikuwa ndefu kuliko mahubiri ya Ijumaa Kuu. Yusta akafungua mdomo aseme jambo, Bibi akamtazama, akaufunga.

Akagusa kwa mgongo wa kidole. Haikumfuata.

"Sasa."

Yusta akashika kipimo, Bibi akakibonyeza kwa mkono wake wa kulia, nacho kikatoa mlio mdogo wa kuingia. Akachukua kiraka cha juu alichokikata duara kutoka kwenye plasta yangu, chenye tundu katikati, akakilaza bila kukivuta. Kisha akakifunika kwa kiganja na kutulia hivyo.

"Kinataka joto," akasema. "Hata viraka vya tyubu tulikuwa tunavikalia."

Mikono yangu ilikuwa nyuma muda wote, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mstari ukatokea kwenye kioo. Ulikuwa kumi na moja, ukapanda kidogo, ukashuka kidogo, mstari wa mtu aliyekula viazi. Sijawahi kufurahia mstari mbaya namna ile.

*

Kila baada ya siku moja nilipanda kuangalia bila kugusa. Siku ya pili kimelala. Ya nne kimelala. Ya sita Bibi alikuwa anafua, maji hadi viwiko, na kiraka kimelala vile vile, nami nikarudi chini sijui nacheka au nanuna.

Siku ya nane nilifika saa tano asubuhi. Yusta alikuwa ameenda sokoni. Bibi Eunike alikuwa amesinzia kitini, jua limempiga usoni, mkono wa sweta umepanda. Nikainama kutazama.

Upande wa chini wa kiraka ukingo ulikuwa umeinuka, upana wa punje ya mchele. Uzi wa sweta ulikuwa umenasa hapo. Akiamka na kunyoosha mkono kama anavyofanya kila akiamka, uzi ungevuta kiraka, na kiraka kingeng'oa kipimo.

Sheria ilinikataza kukigusa. Haikunilazimisha kusema. Ningeweza kurudi kwenye pikipiki kwa ncha za vidole, nikapiga honi aamke, nikaja upya. Hakuna mtu duniani angejua.

Nilitamani kibanduke. Sitajipamba hapa. Nililifikiria lile ghala, taa zake nyeupe na maboksi yake, na kwamba mikono yangu haijui kingine. Nikaanza kujihubiria kwamba Makao kuna joto, kuna wauguzi, kwamba mama wa umri huu hapaswi kuwa kwenye umande. Mahubiri yalikuwa mazuri kabisa. Halafu macho yakanishuka hadi kwenye kovu. Lilikuwa limefifia kwa yale mafuta, limebaki mstari mweupe tu, na nikakumbuka alivyosema si kitu, akaniuliza kama nitakunywa chai.

"Bibi," nikasema. "Bibi, usinyooshe mkono."

Akafungua macho bila kutikisika. Fundi wa kweli ukimwambia tulia anatulia kwanza, maswali baadaye.

"Kuna nini?"

"Ukingo umeinuka. Umenasa uzi."

"Mkasi uko kibandani. Ule mdogo."

Nikauleta mbio. Akakata uzi kwanza. Kisha akauzungusha mkasi taratibu, akaukata ule ukingo ulioinuka, kiraka kikabaki duara dogo zaidi, kimelala kote.

"Si ungeurudishia tu?" nikauliza.

"Ulioinuka umeshashika vumbi. Ukiurudishia umebandika vumbi, kesho unainuka na wenzake." Akanitazama. "Mbona unatoka jasho na baridi hii?"

"Nimepanda mlima, Bibi."

"Umepanda na pikipiki," akasema, ila hakuendelea.

*

Siku ya kumi tulikuwa watatu mezani: Bibi Eunike, Yusta na mimi. Kioo changu kililazwa katikati, na uso wa Bwana Kilasi ukainuka juu yake, mdogo kama kikombe. Akasoma alichotakiwa kusoma.

"Jaribio limekubaliwa. Bibi Eunike Tweve, unabaki nyumbani kwako. Hili la jirani limeandikwa kuwa kosa moja, na tafadhali msirudie."

Yusta alipiga vigelegele hadi kuku wakaruka ua. Bibi Eunike alifumba macho, akashika meza kwa mikono miwili, akasema asante Bwana, asante Bwana. Nilifurahi. Nasema kweli, kwa dakika ile nilifurahi bila deni lolote moyoni.

"Agripina," Bwana Kilasi akaendelea, na sauti ikashuka. "Kwa makosa matatu ya fundi unavuliwa kitambulisho leo. Droni itakifuata saa tisa. Ghalani wanakutegemea Jumatatu. Pole, mama."

Vigelegele vikakatika.

"Makosa yapi?" Bibi Eunike akauliza. Nikamweleza ile nusu ya pili. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Ulilijua hili tangu siku ile kibandani?"

"Nililijua."

"Na siku ya uzi?"

"Siku ya uzi pia."

Kisha akaugeukia ule uso mdogo.

"Baba, huyo unayemvua ndiye pekee kati yenu anayejua kubandika kwenye ngozi kuukuu."

"Ni sheria, Bibi."

"Basi hicho kisanduku chenu cha fundi kiandikeni Eunike Tweve. Kwenye mkono wangu nabandika mwenyewe kuanzia leo. Na wengine mkiwataka wajue, waleteni hapa kibandani, niwafundishe. Waje na muda wa kutosha."

Bwana Kilasi akasema atalifikisha kwa wakubwa. Alionekana kama mtu anayetaka kulifikisha kweli. Uso wake ukazimika.

Kipimo kilikuwa kimemaliza siku zake za jaribio. Bibi Eunike akachota mafuta ya mgando, akapaka ukingoni, akangoja yapenye. Akakikunja pole pole huku kidole kingine kimeikandamiza ngozi isifuate. Ilimchukua dakika kumi. Mimi ilikuwa ikinichukua sekunde mbili. Chini yake ngozi ilikuwa imefifia rangi kidogo, yenye unyevu, haina hata mkwaruzo.

Zamu yangu. Kitambulisho cha fundi siku hizi hakivaliwi shingoni. Ni utando mwembamba unaobandikwa kwenye kifundo cha mkono, wenye jina, namba na alama ya Kituo, na wangu ulikuwa na miaka mitano haujatoka. Nje droni ilishasikika juu ya miti ya matofaa. Nikaingiza ukucha chini ya ukingo, nikabana meno, niung'oe mara moja yaishe.

"We! Acha!" Bibi Eunike akanidaka mkono. "Haraka ya nini?"

"Imeshafika, Bibi. Inangoja."

"Iache ingoje."

Akainuka akanikalisha kwenye kiti chake. Akachota mafuta, akapaka kuzunguka jina langu, tukasubiri. Droni ikazunguka mara ya pili, ikazunguka mara ya tatu. Akaanza kukunja, kidogo, akipaka, akikunja, dole gumba lake limeshika ngozi yangu. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, kama mtoto. Hakuniambia ninyamaze. Yusta alikuwa ameshika bega langu.

Utando ulipotoka wote aliuweka mezani. Akaugeuza mkono wangu kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua kwa karibu, huku na huku, kama anavyotafuta tundu kwenye tyubu.

"Haijachubuka," akasema, akaenda kuweka chai jikoni.